Riwaya mpya za Star Wars: tununue, au tusubiri zifutwe tena?

Mzee wa Bombo
Ndugu zangu, ninyi mnaozipenda hizi hadithi za vita vya angani zilizoanzia kwenye filamu, nimemaliza kitabu The Mask of Fear cha Alexander Freed, kilichotoka Februari 2025. Ni cha kwanza katika vitabu vitatu vya Reign of the Empire, kila kimoja na mwandishi wake. Ndani yake, Jamhuri ya sayari nyingi imeanguka juzi tu na Palpatine amejifanya mfalme wa Himaya. Seneta Mon Mothma bado yumo bungeni anasaka kura za kumpunguzia Palpatine madaraka kwa sheria, seneta mwenzake Bail Organa anatafuta ushahidi kwamba Jedi, wale mashujaa walinzi wa Jamhuri, walisingiziwa, Saw Gerrera yeye ameshashika silaha. Kimenikaa moyoni. Je, tujikamue tena kuagiza viwili vinavyofuata, au kesho studio itatoa filamu ivipindue vyote?

Dada wa Jinja
Mimi hawanipati tena. Mwaka 1999 kitabuni walimuua Chewbacca, yule rafiki wa Han Solo mwenye manyoya mwili mzima, wakamwangushia mwezi mzima, nikalia kama nimefiwa. Kisha Disney wakaja 2012 wakasema hayo yote hayakutokea, Chewbacca yu hai. Mtu akuchezee msiba wako hivyo, halafu umpe hela?

Kijana wa Lira
2012 ndipo walipoinunua Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, dola bilioni 4 na ushee. Tangazo la kuviita vitabu vya zamani Legends, yaani visivyohesabiwa tena katika hadithi rasmi, lilitoka Aprili 2014, na hawakuvifuta, bado vinachapishwa. Tuseme mambo yalivyo. Shida ni kwamba wengi hapa wameijua Star Wars kwenye kibanda cha video, VJ, yule msimulizi, akiwapigia kelele za Kiganda juu ya filamu, na leo wanatufundisha kipi halali.

Dada wa Jinja
Kibandani umemwona nani? Nimekutajia kitabu, wewe unanijibu kibanda!

Mwana wa Kisenyi
Wa kibandani ni mimi, kwa hiyo niulize mimi. Tumekaa kwenye benchi la mbao, jenereta linanguruma nje, VJ anapunguza sauti ya filamu na kutueleza kwa nini Vader, yule adui, anamnyooshea mwanawe Luke mkono badala ya kummaliza. Watu wazima wasiojua Kiingereza hata neno walitoka pale wanabishana kuhusu baba na mwana mpaka wanafika nyumbani. Wewe uliyesoma peke yako chumbani umemfikishia nani hadithi hii?

Mzee wa Bombo
Jamani, nimeuliza habari ya vitabu.

Kijana wa Lira
Kaka, VJ anabuni. Anatia maneno ambayo hakuna mhusika aliyeyasema. Huko ni kuharibu kazi ya mtu.

Mwalimu Arua
Kijana wa Lira, anayeongeza yasiyokuwemo unamkataa, na riwaya unazitetea. Riwaya zimefanya nini miaka yote hii kama si kuongeza? Jina Coruscant, la sayari iliyo makao makuu ya Jamhuri, alilileta mwandishi Timothy Zahn kitabuni mwaka 1991, filamu zikalichukua baadaye. Thrawn, yule kamanda wa Himaya, ni wa kitabu hichohicho. Akaingia kwenye katuni 2016, na 2023 tukamwona katika tamthilia ya Ahsoka akichezwa na mtu. Hata kule Star Trek, hadithi nyingine ya angani, afisa Uhura alipewa jina la kwanza Nyota vitabuni tangu miaka ya 80, filamu ikaja kulitamka jina hilo 2009. Mzee wa Bombo, nunua. Hata wakivipindua, watakaoandika kesho watakuwa wameshavisoma.

Kijana wa Lira
Zahn alikuwa na mkataba. VJ ana kibali cha nani? Usiwaweke kapu moja.

Mwana wa Kisenyi
Kibali! Filamu Who Killed Captain Alex? ilitengenezwa hapahapa Kampala, mtaani Wakaliga, na dunia inaitazama ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Hao nao wa kibandani?

Kijana wa Lira
Hiyo ni filamu yao wenyewe, wafanye watakavyo. Mimi nazungumzia kazi ya mwingine.

Dada wa Jinja
Mwalimu, umenigusa pabaya. Mimi sisomi kwa faida ya waandishi wa kesho. Jacen, Jaina na Anakin, watoto wa Han na Leia, nimewaona wakizaliwa, wakikua, wakizikana, kitabu hadi kitabu. Thrawn wamemrudisha kwa kuwa anauza. Jaina atarudishwa na nani?

Mwalimu Arua
Kwa Jaina sina jibu, dada. Nilimpenda pia.

Mzee wa Bombo
Lakini huyu Mon Mothma wa Freed, dada, ungempenda. Anavyohesabu kura usiku, akijua nusu ya wanaomwahidi ni waoga! Kitabu ninacho, uje tu.

Dada wa Jinja
Kuazima nitaazima, mzee wangu. Kununua, hapana.

Mwana wa Kisenyi
Dada, vile vya Jaina bado unavyo? Nina wapwa zangu hapa, niwasomee kwa Kiganda jioni.

Dada wa Jinja
Njoo uvichukue vyote, isipokuwa kile cha Chewbacca. Hicho hakitoki nyumbani kwangu.

Kijana wa Lira
Bado hamjaniambia VJ ana kibali cha nani.