Kakao nzito ya nyumbani: unga, chokoleti ya kipande, au vyote viwili?

Kikombe Kitupu

Wakuu, habari za jioni. Nimechoka kunywa maji ya rangi. Ndani ya wiki moja nimejaribu mara tatu kupika kakao ya moto kuanzia mwanzo, bila yale makopo ya mchanganyiko, na mara zote imenishinda.

Ya kwanza nilimwaga unga kwenye maziwa yanayochemka, yakatokea madonge yanaelea juu. Nikilibonyeza moja kwa kijiko linapasuka, ndani unga mkavu kabisa, hata maji hayajaugusa. Ya pili nikaongeza unga maradufu nikidhani ndiyo dawa ya wepesi. Ikawa chungu, na wepesi uko palepale. Ya tatu nilivunja chokoleti nikaitupa sufuriani, ikashika chini ikaungua, nyumba nzima ikanuka.

Ninachotaka ni ile inayokaa ulimini, ukimaliza kikombe ndani kinabaki kimepakwa. Wenye uzoefu, nishike njia ipi: unga, chokoleti ya kipande, au nitie wanga? Nina maziwa yasiyoondolewa mafuta, sukari, na sufuria ya kitako chembamba.

Fundi Sufuria

Pole mkuu. Tuanze na madonge, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Unga wa kakao hauyeyuki. Sukari inayeyuka, chumvi inayeyuka. Kakao inaelea tu ndani ya maziwa kama vumbi lililolowa. Tena una mafuta na una wanga wake wa asili. Ukiumwaga mkavu kwenye kitu cha moto, ngozi ya nje ya fungu inalowa na kuvimba papo hapo, inajifunga, na ule wa ndani haupati tena njia ya kulowa. Ndiyo lile vumbi uliloliona.

Dawa yake ni kuutengeneza kwanza uwe rojo. Kwa kikombe kimoja cha mililita 250: vijiko viwili vya chakula vya kakao, kijiko kimoja na nusu cha sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Changanya vikiwa vikavu, kwa sababu punje za sukari ndizo zinazoitenganisha kakao. Kisha tia maji ya moto vijiko vitatu, kidogo kidogo, huku unasugua na mgongo wa kijiko kwenye ukuta wa sufuria mpaka ing'ae kama rangi ya kupaka. Weka kwenye moto mdogo, iache itoe mapovu mazito kwa dakika moja. Hapo ndipo harufu inapobadilika kutoka ya vumbi kuwa ya chokoleti. Sasa mimina maziwa, kwanza robo kikombe, koroga, halafu yaliyobaki.

Kuhusu chumvi usiniulize "kwenye kinywaji kitamu?" Weka tu. Inapunguza uchungu kuliko sukari ya ziada itakavyoupunguza.

Mama Wawili

Fundi kasema vema, ila hapo atapata kakao laini, si kakao nzito. Ni vitu viwili tofauti, na aliyeuliza anataka ile inayopaka kikombe.

Uzito ule ni mafuta, mwanangu. Unga wa kakao ni kile kinachobaki baada ya mbegu kukamuliwa siagi yake. Ule wa kawaida umebakiwa na mafuta asilimia 10 hadi 12, na ule mnono kama asilimia 22 hivi. Vijiko vyako viwili ni takriban gramu 15, kwa hiyo umetia mafuta ya kakao yasiyofika hata gramu 2. Chukua sasa gramu 30 za chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 70: humo kuna mafuta gramu 12 hivi. Maziwa yako ya kikombe kimoja, kama hayajaondolewa mafuta, yana gramu 9 kwa makadirio. Piga hesabu mwenyewe uone kikombe kipi kitapaka.

Ndiyo maana ulipozidisha unga ulipata uchungu bila unono. Ulizidisha kile kisicho mafuta.

Na siagi ya kakao ina tabia yake: ikiwa kwenye joto la kawaida la chumba ni ngumu, lakini kwenye nyuzi joto 34 hivi inayeyuka, chini kidogo ya joto la mdomo. Utelezi unaousikia ulimini unatoka hapo. Huwezi kuupata kwa kukoroga.

mzee_wa_moto_mkali

Mnamzungusha kijana. Chokoleti ndani ya maziwa, moto mkubwa, chemsha dakika kumi mpaka yapungue. Mimi hufanya hivyo miaka yote.

Mama Wawili

Na sufuria unaisugua miaka yote, mzee wangu?

Kupunguza maziwa kwa kuyachemsha kunaongeza uzito, hilo sikatai. Lakini chemsha maziwa peke yake, moto mdogo, chokoleti iingie mwishoni. Chokoleti ni nzito, inazama, inakaa juu ya chuma cha moto na kuungua wakati maziwa juu yake bado yametulia. Kitako chembamba ndiyo kabisa. Kilichomkuta huyu ni hicho.

mzee_wa_moto_mkali

Nasugua, ndiyo. Sufuria ni ya kusuguliwa.

Nuru K

Naomba kuingiza neno la kitaalamu kidogo kuhusu unga, kwa sababu hakuna aliyeuliza ni unga gani. Kuna aina mbili na zinatoa vikombe viwili tofauti kabisa.

Ule wa asili una rangi ya kahawia nyepesi iliyokaribia wekundu, na una ukali fulani, karibu na uchachu wa tunda. Ule uliotiwa magadi kiwandani ili kuua uchachu ni mweusi zaidi, mpole, na unalowa upesi. Njia hiyo inatoka Uholanzi, kwa familia ya Van Houten. Mwaka 1828 baba, Casparus, alipata hataza ya shinikizo la kukamua siagi ya kakao, na mwanawe Coenraad ndiye anayetajwa kwa kuanzisha kutia magadi. Kabla ya hapo kinywaji cha kakao kilikuwa na mafuta yake yote, yanaelea juu, watu wanapambana kuyachanganya.

Kwenye keki kubadilisha unga mmoja kwa mwingine kunaweza kukuharibia, kwa sababu magadi ya kuokea (baking soda) yanayoumua keki yanategemea ule uchachu. Kwenye kikombe hakuna shida hiyo, chagua kwa ulimi wako. Mimi nikitumia chokoleti ya kipande natia na unga wa asili, unaikata ile ladha ya mafuta. Nikitumia unga peke yake natia ule mweusi.

Halafu soma nyuma ya kopo. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Ikitangulia sukari, hicho si unga wa kakao bali ni sukari iliyopakwa kakao, na vipimo vyote hapo juu havikuhusu.

Kikombe Kitupu

@Nuru K nimeenda kuangalia. Wangu umeandikwa kakao tu, hakuna kingine, na ni mwekundu mwekundu. Kumbe ni wa asili. Sasa naelewa kwa nini ile ya pili ilinikunja uso.

@Mama Wawili, shikamoo. Swali: hiyo chokoleti niiingizeje bila kuunguza? Na wanga je? Mbona kila mtu anaukwepa?

Mama Wawili

Marahaba. Ikate ndogo kabisa, iwe kama makombo ya mkate, usitupe vipande. Iweke kwenye bakuli au kikombe kikubwa, sufuriani isiingie. Pasha maziwa mpaka uone vipovu vidogo vinazunguka ukingoni na mvuke unapanda. Usisubiri yafure. Mimina maziwa kidogo tu juu ya chokoleti, kama vijiko vinne, kisha nyamaza nusu dakika. Koroga kuanzia katikati, miduara midogo. Mwanzoni itakutisha, itaonekana imekatika, punje punje na mafuta pembeni. Usiogope, endelea. Ghafla itashikana na kung'aa kama kioo. Hapo ndipo unamimina yaliyobaki huku unapiga.

Chokoleti ikigusa kimiminika kidogo mno hukaza kama udongo. Ikikufanyia hivyo usiitupe, iongezee maziwa ya moto, inarudi.

Zile chokoleti ndogo za tone tone za kuokea ziache. Nyingi zimetengenezwa zisipoteze umbo kwenye oveni, kwa hiyo zinayeyuka kwa ubishi.

Fundi Sufuria

Wanga nitajibu mimi, kwa sababu nautumia na sioni haya. Nazungumzia wanga wa mahindi, ule mweupe laini unaoteleza kama poda, si unga wa mahindi.

Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe. Ukoroge kwanza na maziwa BARIDI vijiko viwili, ndipo uingize kwenye kakao iliyo motoni, na lazima ichemke kama dakika moja huku unakoroga. Usipoichemsha utasikia ladha ya chaki, na haitashika. Ukizidisha mpaka vijiko viwili vya chai unapata kitu cha kuliwa kwa kijiko. Wapo wanaopenda hivyo.

Faida yake ni kwamba hauhitaji chokoleti ya gharama, na hata maziwa yaliyoondolewa mafuta yanaonekana ya kitajiri. Hasara ni kwamba uzito wa wanga na uzito wa mafuta havifanani mdomoni. Wanga unajaza, mafuta yanateleza. Ukifumba macho utajua.

Jambo moja linalowashangaza watu: usionje kwa kijiko kisha ukakirudisha sufuriani. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kikombe ulichokinywa nusu ukakiacha mezani, ukirudi baada ya muda utakikuta chepesi. Nilikuwa najiona nimerogwa mpaka nilipojua.

Nuru K

Hiyo ya mate ni kweli tupu. Ndiyo inayotokea kwa kastadi pia.

msafiri_wa_jikoni

Wadau, na sisi tusiotumia maziwa ya ng'ombe? Tumbo langu halielewani nayo.

Nuru K

Nimepitia yote, msafiri. Tui zito la nazi ndilo linalokaribia unono unaotafutwa, ila litaongea: kila kikombe kitakuwa cha nazi na kakao, si cha kakao. Lipunguze kwa maji nusu kwa nusu na lisichemke kwa nguvu, litakatika. Maziwa ya oti yana wanga wake, yanakuwa mazito yenyewe yakipata moto, kwa hiyo punguza wanga wa kuongeza. Ya soya ni mazuri, lakini hayapendi uchachu. Yakichanganywa na kakao ya asili yanaweza kuganda vijipunje, kwa hiyo tumia unga uliotiwa magadi. Ya lozi ya dukani mengi ni maji, bila chokoleti ya kipande usihangaike nayo.

Na hakikisha chokoleti yenyewe haina maziwa. Hata nyeusi nyingine wanatia.

mzee_wa_moto_mkali

Utando je? Mimi ndio unaonikera, siyo madonge.

Mama Wawili

Ule ni protini za maziwa, mzee. Juu panakauka kwa mvuke, zinashikana zinakuwa ngozi. Hiyo ngozi ndiyo inayozuia mvuke mpaka maziwa yanafura na kumwagika jikoni. Koroga bila kuacha, na ukiepua piga mpaka povu lifunike juu. Penye povu utando haukai.

Kama una pekecho la mti, lile la kuzungusha kati ya viganja, ndiyo kazi yake. Wameksiko wana lao kwa ajili ya chokoleti, wanaliita molinillo, na linafanya kazi vilevile. Waya wa kupigia mayai pia unatosha.

Kikombe Kitupu

Wakuu, nimerudi na majibu. Jana usiku nimepika vikombe vitatu nikavipanga, maziwa yaleyale, sukari nikaikadiria ilingane.

Cha kwanza, unga peke yake kwa njia ya Fundi. Donge hata moja sikuona, na siamini. Ni safi, kina ladha kali ya kakao, lakini kinashuka kooni upesi.

Cha pili, unga na wanga. Kizito kweli, mdogo wangu alikichagua hiki bila kufikiri. Mimi nilikifikisha nusu nikashiba.

Cha tatu nilijitungia kutokana na maneno yenu: rojo la kijiko kimoja cha kakao, sukari kijiko kimoja tu, chumvi, maziwa, kisha gramu 30 za chokoleti ya asilimia 70 kwenye bakuli pembeni kama Mama alivyosema. Ile hatua ya kutisha niliiona. Ilikatika punje punje, nikataka kukata tamaa, nikahesabu kama mizunguko ishirini, ikang'aa. Nikaunganisha, nikapiga.

Hiki cha tatu ndicho. Unga ndio unaobeba harufu, chokoleti ndiyo inayokaa ulimini. Kingine, kilipopoa kidogo ndipo kilipokuwa kitamu zaidi, cha moto kabisa sikusikia kitu.

Kilichobaki nimekiweka kwenye friji, asubuhi nimekikuta kimeganda kama kastadi. Kimeharibika?

Fundi Sufuria

Hakijaharibika, ni mafuta yameganda. Moto mdogo, piga kwa waya, ongeza maziwa vijiko viwili. Wengine tunapika usiku makusudi.

Mama Wawili

Na kikombe, kilipakwa?

Kikombe Kitupu

Kilipakwa, Mama. Nilipitisha kidole kabla ya kukiosha.