Kufumua breki za Corolla DX ya mwaka 1983 nyumbani: nibadilishe raba peke yake au silinda nzima?

Mkazi wa Soweto, Moshi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninayo Corolla DX ya mwaka 1983 aliyoniachia marehemu baba, yenye diski mbele na dramu nyuma, ambayo kwa miaka sita ilikaa chini ya mwembe ikiwashwa mara moja moja tu. Mwezi uliopita niliirudisha barabarani, na tangu hapo pedeli ya breki inanitia hofu: nikiikanyaga kwa nguvu inashika vizuri, lakini nikiikanyaga taratibu na kuishikilia nikiwa nimesimama kwenye mteremko, inazama kidogo kidogo mpaka karibu iguse sakafu. Mafuta ya breki kwenye kikopo hayapungui sana, ila nilipofungua gurudumu la nyuma kushoto na kuinua raba ya vumbi ya silinda kwa ncha ya bisibisi, yalidondoka matone mawili meusi juu ya kiatu cha breki.

Fundi wa jirani ananishauri nibadilishe raba za masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedeli) peke yake, na silinda zote nizioshe kwa petroli. Kazi hii ningependa kuifanya mwenyewe hapa uani, kwa kuwa vifaa ninavyo na haraka sina. Je, ushauri huo unatosha?

Fundi, Unga Limited, Arusha

Ndugu yangu, pole na hongera kwa kutunza gari la mzee. Hapo unazo hitilafu mbili. Pedeli inayozama taratibu bila mafuta kupungua maana yake ni kwamba ndani ya masta silinda mafuta yanapita pembeni ya raba badala ya kusukumwa kwenda magurudumuni. Hayo matone ni silinda ya gurudumu iliyokwisha. Ukirekebisha masta peke yake, shinikizo litarudi kuwa kamili, na raba za nyuma ambazo zimezoea shinikizo dogo zitaachia ndani ya muda mfupi. Kwa gari lililokaa miaka sita, fungua zote.

Kuhusu petroli, nakuomba usithubutu. Raba za breki hupatana na mafuta ya breki, lakini huvimba zikikutana na petroli, dizeli au oili ya injini. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi niliosha masta silinda kwa petroli na kuifunga kabla haijakauka vizuri. Baada ya siku chache lile gari lilianza kujifunga breki lenyewe barabarani, kwa sababu raba iliyovimba ilikuwa imeziba kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye kikopo. Mwenye gari alikuwa amewabeba watoto wake, na hadi leo naikumbuka sura yake aliporudi gereji. Osha kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki, na raba uzipake mafuta hayo hayo kabla ya kuzipachika.

Sasa, raba au silinda nzima? Jibu liko kwenye ukuta wa ndani wa silinda. Ufute kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya breki, umulike kwa tochi, kisha upitishe ukucha. Doa la kahawia linalofutika halina neno, na mikwaruzo myepesi huondolewa kwa msasa laini sana unaozungushwa, usiovutwa kwa urefu. Lakini ukucha ukinasa kwenye kishimo cha kutu, silinda hiyo itupe, kwa kuwa raba mpya itachanika hapo hapo. Angalia zaidi upande wa chini, maana mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na gari likisimama muda mrefu kutu huanzia huko.

Ukinunua silinda mpya, soma namba iliyochapwa kwenye ile ya zamani. Silinda ya inchi 3/4 na ya inchi 13/16 hufanana kwa macho, lakini ya pili ina eneo kubwa zaidi kwa takriban asilimia 17. Ukiifunga nyuma mahali pa ya kwanza, magurudumu ya nyuma yatasukumwa kwa nguvu zaidi, yatafunga kabla ya yale ya mbele, na barabara ikiwa na maji mkia wa gari utahama.

Nati za mabomba zipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, kisha uzifungue kwa spana ya duara yenye mdomo uliokatwa, kwa sababu spana ya kawaida huzila pembe. Gari lisibaki juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali, tumia stendi. Vumbi la dramu lilowanishe kwa maji, usilipulize, kwani viatu vya zamani huenda vina asbesto.

Mama wa Marangu

Naongezea jambo moja ambalo huwa linasahaulika: mipira ya breki, ile laini inayounganisha bomba na gurudumu. Gari langu lilikuwa limefungwa silinda mpya zote, lakini kila niliposhuka kutoka Marangu kuelekea Himo lilivuta kulia, na nikifika chini rimu ya mbele kulia ilikuwa ya moto hata tone la maji likichemka juu yake. Kwa nje mpira ulionekana mzima kabisa. Ndani ulikuwa umevimba, hivyo mguu ulisukuma mafuta yakapita, lakini nikiachia pedeli hayakuweza kurudi.

Kipimo chake ni rahisi. Gurudumu likiwa juu na limeng'ang'ania, legeza nipeli ya kutolea upepo. Likiachia papo hapo, mafuta yalikuwa yamenaswa. Lisipoachia, kalipa yenyewe, yaani kile kifaa kinachobana diski, imeganda kwa kutu. Wewe badilisha mipira yote bila kusubiri, na unapofungua kalipa usiiache ikining'inia kwenye mpira. Ifunge kwa waya.

Mafuta nayo yawe mapya. Yale ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa makavu, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwa sisi tunaoshuka mlima, tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama upepo. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizo.

Mkazi wa Soweto, Moshi

Nawashukuru sana. Silinda mbili za nyuma zilikuwa na vishimo, nimeweka mpya za namba ile ile. Masta ilikuwa safi, nimeweka raba. Mipira mitatu nimebadilisha. Nimetoa upepo nikianza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, nikamalizia mbele kulia upande wa usukani, mpaka mapovu yakaisha kwenye chupa. Hata hivyo pedeli ya kwanza inaenda chini mno, ya pili inapanda na kuwa ngumu. Je, upepo bado umo?

Fundi, Unga Limited, Arusha

Upepo ungekupa pedeli laini inayobonyea kama sponji. Yako ni ngumu ila iko chini, basi viatu vya nyuma viko mbali na dramu. Zungusha kigurudumu cha meno cha kurekebishia mpaka dramu ianze kukwaruza, kisha rudisha meno machache hadi izunguke huru. Handbreki iwe imelegezwa wakati huo, vinginevyo utajidanganya. Halafu washa injini, kanyaga kwa nguvu zote dakika nzima, na mwenzako apitishe karatasi kavu kwenye kila kiungo.

Mkazi wa Soweto, Moshi

Nimeongeza meno tisa kushoto na saba kulia. Pedeli sasa inashika mapema, na kwa dakika nzima haikuzama. Karatasi ilitoka kavu kote isipokuwa kwenye nati ya bomba la nyuma kulia, ambayo ilikuwa na unyevu mdogo. Nimeikaza robo mzunguko, nikarudia, ikatoka kavu. Kesho asubuhi nalizungusha hapa hapa uani kwa gia ya kwanza kabla ya kulitoa getini.