Wakuu, dunia ya Minecraft inahamishwaje kutoka PS3? Nina mpaka Jumamosi tu

MwanaUyole
Habari za mchana wakuu. Najua wengine mtaliona la kitoto, ila hii wiki ya pili silali vizuri.

Nina kibanda cha gemu hapa Uyole, Mbeya. TV nne, PS3 nne. Tatu ni za mpira, moja ni ya Minecraft, ile gemu ya kujenga kwa matofali. Hiyo moja ina dunia ambayo madogo wa mtaani wameanza kuijenga tangu 2021. Shule zikifungwa wanashinda humo, wanne wanne, skrini imegawanywa, wengine wamesimama nyuma wanatoa amri. Wamejenga Mbeya. Mlima Loleza upo. Stesheni ya TAZARA ipo na kibehewa kinatembea kwenye reli. Mwanjelwa ina vibanda mpaka vya nyanya. Kule dunia inapoishia kuna maji, wao wanapaita Ziwa Nyasa na wameweka mitumbwi. Kwenye msitu kuna miti yenye mizinga ya nyuki.

Sasa nataka kuiuza hiyo PS3 nichukue PS4 iliyotumika. Hiyo dunia naihamishaje? Nipo chini ya miguu yenu.

FundiWaKabwe
Mkuu, jibu fupi: haihami kirahisi.

Hiyo PS3 Edition si gemu moja na hii inayouzwa leo. Toleo la konsoli za zamani lilitengenezwa na 4J Studios wa Scotland, likaanza Xbox 360 Mei 2012, PS3 ikaja Desemba 2013. Apdeti kubwa ya mwisho kwa PS3 ilikuwa ile ya mambo ya bahari, mwishoni mwa 2018. Baada ya hapo wakaiacha. Na Desemba 2019 hata ile ya PS4 ikabadilishwa, ikaja Bedrock, yaani toleo hili la sasa.

Enzi zile ulikuwa unaipandisha dunia mtandaoni kwa akaunti ya PSN (mtandao wa PlayStation), unaishusha kwenye PS4 Edition, halafu Bedrock ndiyo inaibadilisha. Madaraja mawili. Ukinunua PS4 leo unakutana na Bedrock moja kwa moja, daraja la kati halipo.

PS3 yako ina akaunti? Au imechipiwa, inacheza gemu za kunakili?

Kiporo cha Jana
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa siti ya mbele na viazi vyangu vya kuchemsha.

Mama Nuru
Mtoto anashinda kibandani kutwa nzima anajenga Mwanjelwa ya uongo wakati Mwanjelwa ya kweli iko umbali wa daladala moja. Na wewe baba mzima unawachukulia mia tano mia tano zao. Halafu unakosa usingizi kwa sababu ya gemu, siyo kwa sababu ya hao watoto. Haya.

MwanaUyole
Dada Mama Nuru, wanajenga, hawapigani. Mmoja alikuwa hajui hesabu, sasa anapima barabara kwa matofali.

@FundiWaKabwe imechipiwa. Gemu niliwekewa ndani ya hadidiski. Akaunti hakuna.

FundiWaKabwe
Basi sahau PS4. Hiyo njia imekufa.

Mnyalukolo Original
Umenikumbusha mbali sana. Iringa, Miyomboni, tulikuwa na jamaa ana Sega moja na TV ya chogo. Sheria yake ni moja: ukifungwa unampa pedi mwenzako. Mimi nilikuwa nafungwa sekunde ya arobaini. Nikatafuta akili: nikawa namletea yule jamaa mkaa kutoka nyumbani, ananiongezea raundi mbili. Mama alivyogundua gunia linapungua na Julai ile baridi ya Iringa mnaijua... Mpaka leo nikishika pedi mgongo unawasha. Samahani mleta uzi, endelea.

Binti Rungwe
Mimi swali langu dogo. Kwa nini Jumamosi? PS3 imekaa miaka, ikikaa wiki moja zaidi inaoza?

MwanaUyole
Kuna mtu.

Binti Rungwe
Mtu gani?

MwanaUyole
Mtu wa Makambako. Ameshatuma nusu. Jumamosi naipakia kwenye basi.

Kiporo cha Jana
Kumbe mahari imeshapokelewa, sasa hivi anauliza kama binti anataka kuolewa 😂😂

FundiWaKabwe
Kwa nini usimuuzie moja ya zile tatu za mpira?

MwanaUyole
Lenzi zimechoka zote tatu, diski zinasoma zikitaka. Huyu anataka inayosoma diski, ameniambia kabisa atafungua na yeye kibanda. Siwezi kumuuzia mtu kitu kibovu, mimi si mtu wa hivyo.

Binti Rungwe
Sawa, si mtu wa hivyo. Na hao madogo wanajua kwamba inaondoka?

MwanaUyole
Wanajua inakuja PS4.

Binti Rungwe
Sikuuliza hivyo.

Mama Nuru
Jibu swali la mwenzako baba.

MwanaUyole
Ok. Nisemeje sasa. Niliwaambia dunia yao tutaihamishia PS4, itakuwa na rangi nzuri, haigandi. Wakafurahi wenyewe. Wakasema watachangia. Sikuwalazimisha. Watoto 12, elfu 5 kila mmoja. Wengine walileta mia tano tano mpaka ikatimia.

Jumla 60,000. Hiyo hela haipo. Nina kishamba cha viazi juu kule Isongole, mvua ilikuwa imeshika na mbolea haisubiri. Nikaongezea hapo nikachukua mfuko. Nilijua nikivuna narudisha na chenji inabaki. Hii nusu ya mtu wa Makambako ndiyo nilitaka ifidie. Na mmoja wa hao watoto ni wa mwenyekiti wa mtaa, jana baba yake amepita kibandani akauliza "PS4 imefika?" Akacheka. Sikuipenda ile cheko.

Ila kusema ukweli mngekuwa mimi mngefanyaje? Viazi bila mbolea unavuna gololi.

Viazi Mviringo
Mkuu umeweka mbolea gani? Ya kupandia au ya kukuzia? Maana watu wengi Uporoto wanakosea hapo. Unamwaga ya kukuzia mapema, majani yanakuwa kama mchicha, chini hamna kitu. Na umepiga dawa ya ukungu? Kwa ukungu wa huko juu, usipopiga mapema jani linageuka jeusi siku chache tu. Nitumie picha ya shamba nikuelekeze bure.

Mama Nuru
Elfu tano ya mtoto ameikusanya mia tano mia tano. Mimi nauza vitumbua, najua mia tano inatoka wapi. Rudisha kwanza hela, dunia baadaye.

MwanaUyole
@Viazi Mviringo ya kupandia mkuu. Nakuja inboksi.

Profesa wa Chai
Wakuu samahani, mimi nimekuwa kimya nasoma. Hii ni chai, na ina tangawizi.

Moja: mleta uzi anasema kwenye dunia kuna mizinga ya nyuki. Fundi hapo juu ameeleza vizuri kwamba PS3 iliachwa baada ya apdeti ya bahari, 2018. Nyuki waliingia Minecraft mwishoni mwa 2019. PS3 haina nyuki wala haitakuwa nao. Labda waliruka kutoka Isongole.

Mbili: dunia ya PS3 ni matofali 864 kwa 864, tofali moja ni mita moja. Haifiki kilomita kila upande. Loleza, TAZARA, Mwanjelwa na Ziwa Nyasa vinaingiaje humo?

Tatu: huyu huyu mwaka juzi alifungua uzi hapa yuko Tunduma anauza mitumba, analia mtaji. Sasa ana kibanda Uyole tangu 2021? Tuwekee picha.

Kiporo cha Jana
Sahani imeshaanguka. Naongeza kiazi.

Mnyalukolo Original
Mimi nilishaanza kumuonea huruma bana 😂

MwanaUyole
Profesa, sikasiriki. Nyuki sikusema. Nimesema mizinga. Kuna dogo babu yake anaishi Chunya na anatundika mizinga ya magogo porini. Ameweka magogo juu ya miti kama ya babu yake. Ndani hamna kitu. Akiulizwa anasema nyuki bado hawajaja.

Ukubwa: wamefinya. Ukitoka Mwanjelwa unahesabu tano uko stesheni. Walipofika ukingoni wakashindwa kuendelea, ndipo ikawa Ziwa Nyasa. Walitaka kufika Kyela, nafasi ikaisha.

FundiWaKabwe
Hapo kwenye ukingo naamini. Kwenye PS3 ukifika mwisho unapiga ukuta usioonekana, mbele unaona maji tu. Mtu ambaye hajacheza hawezi kukumbuka kitu kama hicho.

Profesa wa Chai
Na Tunduma?

MwanaUyole
Tunduma nilikuwepo kweli. Mtaji ulikufa nikarudi nyumbani. Kibanda kilikuwa cha kaka yangu, alipoenda Chunya kwenye dhahabu akaniachia.

Profesa wa Chai
Alikuachia au alikupa?

MwanaUyole
Aliniachia.

Binti Rungwe
Subiri. Kwa hiyo PS3 unayompakilia mtu wa Makambako ni ya kaka yako?

MwanaUyole
Ni vitu vya familia. Kodi ya chumba nalipa mimi, umeme mimi, pedi zilizovunjika nimenunua mimi. Kaka tangu aondoke hajatuma hata mia.

Profesa wa Chai
Nafuta neno chai. Hakuna mtu anayetunga uongo halafu anajiaibisha hivi.

Mama Nuru
Ameuza cha kaka yake, amekula cha watoto, halafu anauliza kuhamisha gemu. Mungu wangu.

Viazi Mviringo
Ila shamba ni lako au nalo la kaka?

MwanaUyole
La mama.

FundiWaKabwe
Sikilizeni, mambo ya kaka na mwenyekiti hayako kwenye fani yangu. Naongelea dunia tu.

Usijaribu kuchomoa hadidiski uiweke kwenye PS3 nyingine. PS3 inaifunga hadidiski yake kwa ufunguo wa mashine ile ile. Ukiiweka kwenye nyingine inakwambia ifutwe, ukikubali Mbeya nzima imekwenda.

Ila zile tatu zenye lenzi mbovu zina faida. Kama nazo zimechipiwa, Minecraft inakaa ndani ya hadidiski, haihitaji lenzi kabisa. Tunanakili sevu, yaani faili la hiyo dunia, kwenye flashi, lazima flashi iwe na fomati ya FAT32, tunaweka gemu kwenye moja ya hizo mbovu, tunaipandisha sevu huko. Ikisumbua kwa sababu sevu imefungwa kwa mtumiaji wa mashine ya kwanza, tutaishughulikia hapo hapo. Dunia inabaki kibandani kwenye PS3, nzima, na mizinga yake. PS4 waliyoahidiwa ndiyo haipo, hiyo utawaeleza wewe. Na usipakie chochote kwenye basi kabla hatujaifungua dunia kwenye ile nyingine ukaona kibehewa kinatembea.

Binti Rungwe
Na kabla hujapakia, mpigie kaka.

MwanaUyole
Chunya mtandao unasumbua.

Mnyalukolo Original
Chunya gani hiyo, mbona mjomba wangu ananipigia video kila siku kutoka huko kuomba vocha 😂

MwanaUyole
Nitampigia jioni.

FundiWaKabwe
Kesho njoo Kabwe kabla ya saa kumi, nafunga mapema. Leta zote mbili, waya za umeme na pedi moja inayofanya kazi.

MwanaUyole
Ndaga sana mkuu. Flashi ya GB ngapi? Na kama utaniruhusu, naweza kuja na dogo mmoja? Yule wa mizinga. Amekataa kuondoka kibandani tangu mchana, sijui nani amemwambia.