Tupeane uzoefu: jalada la mchezo lililokuvuta ukakaa mezani

Wadau, nazungumzia michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile ambayo mmoja anasimulia na wengine wanarusha dadu. Sheria zake tuziache kwanza. Nataka picha za majalada ya miaka ya 1970 na 1980, Dungeons & Dragons ilipokuwa bado changa huko Marekani. Lipi lilikunasa?

Naanza mimi. Players Handbook ya 1978, kitabu cha wachezaji, mchoraji David Trampier. Sanamu kubwa la shetani limekaa, wezi wawili wamelipanda, wanabandua jicho lake la kito. Chini kuna maiti za mijusi-watu, mmoja anafuta upanga, wengine wameinamia ramani. Vita vimeshakwisha! Nilipenda hilo kuliko shujaa yeyote anayerusha panga. Hapa kila mtu ana kazi yake, na huwezi kumnyooshea kidole mmoja ukasema huyu ndiye mkubwa wao. Mezani ndivyo tunavyocheza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Trampier aliacha sanaa ghafla, akaja kuwa dereva wa teksi Carbondale, Illinois. Alifariki 2014. Huwa inaniuma sana.

Mvita_Leicester: Mimi ni Dungeon Masters Guide ya 1979, kitabu cha msimulizi, mchoraji David Sutherland. Rafiki wa chuo aliitoa kwenye begi, nikaona jitu jekundu limemkamata mwanamke mkononi, nikasema: huyu si afriti huyu? Wenzangu wakashangaa nimemjuaje. Bibi alitusimulia Alfu Lela Ulela usiku kucha, nisimjue vipi! Geuza nyuma ukaone Mji wa Shaba, makao ya maafriti. Jioni ile ile nikaombwa niwe msimulizi, na mpaka leo ndiyo nafasi yangu.

Baba Wawili, Minnesota: Mkuu, hapo kwa shujaa nakupinga. Sanduku jekundu la mchezo, la 1983, mchoraji Larry Elmore: joka limepanua mabawa, mpiganaji ametupa mgongo na upanga juu. Kwa kuwa ametupa mgongo, mtoto anajiweka pale pale bila kuambiwa. Wanangu waliligombania kabla hata hatujasoma ukurasa mmoja.

Nuru: Kwangu ni mchoraji Erol Otus, sanduku la 1981. Joka la kijani linachomoza majini, mwanamume ana mkuki, na pembeni yake mwanamke anaandaa uchawi mkononi. Mwanamke anapigana, haokolewi. Kaka wa Leicester, afriti wako nampenda, lakini yule dada aliyeshikwa mkononi angenifukuza mezani. Rangi za Otus nazo hazifanani na za mtu mwingine.

Mwanzisha mada: Dada Nuru, umenifanya nilitazame upya lile la afriti. Hoja nimeipokea.

Sasa nani ana lile la 1974, sanduku la rangi ya mbao, mpiganaji juu ya farasi aliyesimamia miguu ya nyuma? Alete kisa chake.