Tupeane uzoefu: Kuchagua vifaa vya kompyuta vitakavyoruhusu maboresho ya baadaye

Wakuu, salaam. Naomba waliojiundia kompyuta ya mezani kisha wakaiboresha watueleze ni uamuzi upi wa mwanzo uliowasaidia au kuwakwamisha. Mimi mwaka 2017 nilinunua ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) wa soketi ya AM4, yaani nafasi ya kupachika prosesa za AMD, na prosesa ya Ryzen 5 1600. Mwaka 2022 niliing'oa prosesa hiyo na kupachika Ryzen 7 5800X3D kwenye ubao uleule, huku RAM (kumbukumbu ya muda) na pawa saplai (kifaa cha kugawa umeme) zikibaki zilezile. Jambo moja tu lilihitaji uangalifu: BIOS, programu ya ubao inayoiwasha kompyuta, husasishwa prosesa ya zamani ikiwa bado imo, kwa sababu ubao usioitambua prosesa mpya hautaonyesha chochote kwenye skrini.

*Mchangiaji wa pili*

Hongera sana, mkuu. Mimi nilikwamishwa na pawa saplai, kifaa ambacho wengi hukichagua mwishoni. Nilinunua kompyuta iliyoundwa kiwandani, nikaridhishwa na prosesa yake, wala sikuifungua. Nilipotaka kuongeza kadi ya michoro inayohitaji plagi ya pini 8, nilikuta pawa saplai ya wati 240 isiyo na waya huo. Nikaleta nyingine ya ATX, yaani ya kipimo cha kawaida, lakini plagi yake ya pini 24 haikuwa na pa kuingia, kwa kuwa ubao ule ulitumia plagi ya mtengenezaji mwenyewe, na kasha nalo lilikuwa jembamba mno kwa kadi niliyoitaka. Nililazimika kuanza upya. Sasa nikikadiria kwamba mashine itatumia wati 400, nachukua pawa saplai ya 650, maana hiyo nitahama nayo hata nikibadilisha ubao.

*Mchangiaji wa tatu*

Langu ni RAM. Ubao wangu ulikuwa na nafasi nne, nami nikazijaza zote kwa vijiti vya GB 4. Nilipohitaji GB 32, vyote vinne vilitoka. Viwili vya GB 8 vingenipa ujazo uleule na kuniachia nafasi mbili. Anayenunua RAM ya DDR4 leo afahamu pia kwamba haiingii kwenye nafasi ya DDR5, kizazi kinachoifuata, na soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022, hutumia DDR5 pekee. Je, kuna aliyeongeza vijiti vya kasi tofauti na vya awali? Vyangu vyote vilishuka hadi kasi ya kile cha chini.