MJADALA: Madaraja ya Kilwa, tuamini kompyuta au alama za maji?

Wakuu, tangu Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 na barabara ya Dar es Salaam–Lindi kukatika pale Somanga, kilio ni kimoja: tujengewe madaraja makubwa. Makubwa kiasi gani, na nani kapima?

Mto usio na kituo cha kupimia maji, mhandisi hukadiria mafuriko yake kwa mvua, ukubwa wa bonde na aina ya udongo. Njia moja iliyozoeleka Afrika Mashariki ilitolewa 1976 na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, kwa data za mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Mito yetu ya Kilwa haimo: Matandu haimo, Mavuji haimo. Ukiyaingiza makadirio hayo kwenye programu ya kompyuta, utapata ramani ya kupendeza ya makadirio yale yale.

Maji yenyewe huacha ushahidi: majani makavu yaliyonasa juu ya mikorosho, mstari wa tope ukutani. Pima kimo cha alama hizo sehemu kadhaa, pima mteremko na umbo la mkondo, kisha fomula ya Manning, ile ya kukokotoa mtiririko wa maji mtoni, itakupa kiasi cha maji kilichopita. Lakini uwahi, maana mvua zinazofuata huzifuta.

Mchangiaji, Mtwara: Mkuu, nakubali nusu. Manning inadai namba ya ukwaruzo wa mto (jinsi chini na kingo zake zinavyoyazuia maji), na ukiikosea, kosa linaingia moja kwa moja kwenye jibu. Tena mito yetu ni ya mchanga: mafuriko hufukua chini, yakipungua hufukia. Mkondo unaoupima leo sio uliopitisha maji yale. Na tusubiri data miaka 20 huku wagonjwa wamekwama njiani?

Mchangiaji, Somanga: Waulizeni na wazee. Wanajua maji ya zamani yalifika mti gani.

Mwanzisha mada: Mzee wa Somanga, hilo ni data kabisa. Kaka wa Mtwara, sijasema tusubiri. Wajenge sasa, ila kila nguzo iwekwe kipimo cha kina na msomaji wake alipwe kila mwezi. Daraja la mafuriko ya miaka 50, yaani yenye uwezekano wa asilimia 2 kufikiwa au kuzidiwa kila mwaka, lina uwezekano wa asilimia 64 hivi kuzidiwa walau mara moja ndani ya miaka hiyo 50, na hapo hesabu ya awali iwe sahihi. Ndugu mlio ofisi ya maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, vipimo vya mito ya Matandu na Mbwemkuru viwekwe wazi, tuvijadili hapa.