Mwaka wa kwanza wa sayansi: kulala Malindi, kusoma Kilifi

Bint Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Mdogo wangu anatoka Lamu kuanza mwaka wa kwanza wa sayansi Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi: kemia, bayolojia na hisabati. Atakaa kwa shangazi yetu Malindi, awe akienda na kurudi. Mihadhara yaanza saa mbili asubuhi, na Jumanne na Alhamisi ana maabara kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni. Siku kama hiyo hupangwaje, pamoja na sala na kusoma usiku? "Soma kwa bidii" kashaambiwa na kila mtu. Twataka saa na hatua.

Njia ya Gede
Wa aleikumu salaam dada. Anza na barabara, maana ndiyo itakayomla. Malindi hadi Kilifi ni kama kilomita 60, na matatu haing'oki mpaka ijae. Kwa mhadhara wa saa mbili, saa kumi na mbili kasorobo awe ameshaketi garini. Begi lifungwe usiku. Asubuhi ni sala, chai na mahamri, atoke.

Asitegemee kukokotoa hesabu wala kuandika ripoti ndani ya gari. Yafaayo njiani ni ya kukariri: alama za elementi, viambishi vya vipimo (mili, maikro, nano), majina ya kisayansi. Aandike kwenye vikaratasi, swali mbele na jibu nyuma, 20 kwa safari moja.

Siku za maabara, Adhuhuri aisali kabla hajaingia. Alasiri itamkuta ndani, kati ya saa tisa na saa kumi. Akitoka saa kumi na moja asali kwanza palepale chuoni. Akikimbilia gari, jua litakuchwa hajafika Malindi.

Bureti 50
Mihadhara haimwangushi mtu wa sayansi kama ripoti za maabara zinavyomwangusha. Kila saa tatu za maabara zina saa moja kabla na mbili baada. Kwa hiyo Jumatatu usiku asome maelekezo ya Jumanne, aandike lengo na hatua kwa maneno yake, achore jedwali tupu la matokeo. Ripoti aimalize ndani ya siku moja, kabla hajasahau rangi ilibadilikaje.

Mavazi: koti jeupe la pamba. La nailoni huyeyuka na kugandia ngozi likishika moto. Viatu vya kufunika vidole, ndara hapana. Mtandio uingizwe ndani ya kola na kubanwa kwa pini, na mikono mipana ya buibui ifungwe ndani ya koti, mbali na kichomeo.

Zoezi la kwanza la kemia huwa ni kupima asidi kwa alkali. Kutengeneza sodiamu haidroksaidi (alkali) ya 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita, sentimita za ujazo 250, hupimwa gramu 1.0. Apime haraka, kifuniko cha chupa kirudi mara moja. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, vidonge hulowa juu ya mizani na uzito unapanda mbele ya macho. Ndiyo sababu mmumunyo huo hauaminiwi mpaka upimwe tena dhidi ya asidi ambayo nguvu yake yajulikana.

Bureti (mrija mrefu wenye vipimo na koki) isuuzwe kwa mmumunyo wenyewe utakaotiwa, kwani maji yakibaki yataupunguza nguvu. Flaski ya chini isuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa tu. Ukiisuuza kwa mmumunyo umeongeza kitu ambacho hukukipima. Hapa wengi huchanganya. Faneli iondolewe kabla ya kusoma, la sivyo itadondosha tone baadaye. Atoe kiputo cha hewa chini ya koki, asome jicho likiwa sawa na sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji. Kwa fenoftalini (kiashiria kinachobadili rangi), akitia alkali kwenye asidi, asimame kwenye waridi hafifu inayodumu sekunde 30. Ikififia baadaye asiongeze tone: ni kaboni dayoksaidi ya hewani. Jaribio la kwanza ni la kukisia. Baada yake atafute mawili yanayotofautiana si zaidi ya sentimita za ujazo 0.10.

Na namba ikikosewa ikatwe mstari mmoja, isifutwe.

Risasi HB
Michoro ya bayolojia nayo hula alama bure. Penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, bila kutia kivuli, mistari ya majina isipishane. Ukuzaji ni urefu wa mchoro kugawanya kwa urefu wa kitu: jani la milimita 40 likichorwa milimita 80, andika ×2.

Hisabati iwe kila siku, hata siku ya maabara. Maswali matano ya kutafuta mnyambuliko (differentiation), kitabu cha majibu kimefungwa, baada ya Isha. Saa nne alale. Anayeamka saa kumi na moja hawezi kukesha. Akijaribu, kufikia Alhamisi atakuwa anamwaga vitu maabarani.

Bint Langoni
Mwenyezi Mungu awalipe. Kuna pia siku ya kwenda kwenye mikoko ya Mida, hori la bahari karibu na Watamu. Ajiandae vipi?

Maji Mafu
Aulize kwanza tarehe ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na kwetu maji hukauka sana mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Kazi yote ya kamba na fremu ya mraba ya kuhesabia mimea ifanywe saa moja kabla ya maji kukauka na saa moja baada. Maji yakianza kujaa kwenye vijito hurudi kwa nyuma yako.

Avae viatu vya mpira vya kufunga kamba, ndara zitabaki topeni. Daftari liwe ndani ya mfuko wa plastiki, kalamu ya risasi badala ya wino. Mtoto wa Lamu ana mtaji hapo: mkoko, mkandaa, mchu na mlilana anavijua. Ajazie tu Rhizophora mucronata, Ceriops tagal, Avicennia marina na Sonneratia alba, kwa mpangilio huohuo. Mizizi itamsaidia: ya mkoko husimama kama miguu ya kaa, ya mchu hutoka ardhini kama penseli.